Tenori Anashika Nini?



Ndugu waimbaji na waumini, jina "tenori" limetoka katika neno la Kilatini *tenere*, yaani kushika. Mamia ya miaka iliyopita, tenori ndiye aliyeshika wimbo wa zamani ili wenzake waimbe jambo jipya juu yake. Katika yubilei hii, tunapojiuliza tutawaachia vijana wetu nyimbo gani, historia hiyo inatufaa.

Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi liliimba nyimbo za Kigregoriani kwa sauti moja. Watunzi walipotaka kitu kipya, hawakuzitupa. Waliuacha wimbo wa kale mahali pake, wakaongeza sauti nyingine. Katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1163, Léonin aliandika nyimbo za sauti mbili. Pérotin, aliyemfuata, akafikia sauti nne. Mwaka wa 1198 askofu wa Paris, Eudes de Sully, aliruhusu uimbaji wa sauti tatu na nne katika kipindi cha Noeli. Katika *Viderunt omnes*, wimbo wa Noeli wa Pérotin, tenori huvuta silabi moja kwa muda mrefu mno huku sauti tatu zikirukaruka juu yake.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Silabi ikivutwa hivyo, nani atasikia neno? Katika miaka ya 1320 Papa Yohane XXII, akiwa Avignon, alilalamika kwamba waimbaji wanakatakata wimbo na kuujaza noti ndogondogo hata usitambulike. Hata hivyo hakufunga mlango. Katika sikukuu aliruhusu sauti zinazopatana ziongezwe, mradi wimbo wa asili ubaki mzima.

Katika karne hiyo hiyo, Guillaume de Machaut wa Kanisa Kuu la Reims alitunga Misa ya sauti nne. Ndiyo Misa kamili ya kale zaidi tunayojua kuwa ni ya mtunzi mmoja. Katika "Bwana Utuhurumie", penye maneno machache, tenori anashika wimbo wa Kigregoriani. Katika "Utukufu" na "Nasadiki", penye maneno mengi, sauti zote nne hutamka kwa pamoja ili neno lisikike.

Zaidi ya miaka 600 baadaye, mtunzi mwingine alirudi kwenye kisima hicho. Arvo Pärt alizaliwa Estonia mwaka wa 1935, akakulia chini ya utawala wa Kisovieti. Mwaka wa 1968 kwaya iliimba *Credo* yake, ikakiri hadharani imani kwa Yesu Kristo. Wakubwa walikasirika, na kazi hiyo ikazuiwa. Kwa miaka iliyofuata Pärt alitoa kazi chache sana. Alikaa chini kama mwanafunzi, akajifunza nyimbo za Kigregoriani na kazi za watunzi wa kale, Machaut akiwa mmoja wao.

Mwaka wa 1976 alitoka na mtindo aliouita *tintinnabuli*, kutokana na neno la Kilatini la kengele. Sauti moja hutembea hatua kwa hatua kama wimbo wa kale. Ya pili huifuata kwa noti tatu tu, tuseme kwa solfa la, do na mi. Mwaka wa 1977 alitunga *Missa syllabica*, ambamo kila silabi ina noti moja. Maneno ya Misa ni yale yale ya zamani, na hakuna linalopotea.

Watunzi wetu, siku hizi nyimbo mpya huja moja baada ya nyingine, na mara nyingi waumini hubaki wakisikiliza tu. Chagueni wimbo ambao mama zetu wanaujua bila kitabu, mpeni mmoja aushike, kisha andikeni sauti nyingine kuuzunguka. Mkimaliza, ulizeni lile alilolalamikia Papa Yohane: je, wimbo bado unatambulika? Neno linasikika hadi benchi la nyuma?

Nanyi tenori, mkiambiwa mna noti moja ndefu, msinung'unike. Shikeni.