Maili za Mmoja, Nauli ya Wengi: Historia ya Safari za Ng'ambo kutoka Kondele

Mpango wa wasafiri wa mara kwa mara, yaani utaratibu ambao shirika la ndege humwandikia abiria maili kila anaposafiri ili baadaye azibadilishe kwa tiketi au kwa kiti cha daraja la juu, ulifika Kisumu ukiwa umekwisha kuundwa kwa ajili ya msafiri wa aina nyingine kabisa. Kwa hiyo historia ya namna mkazi wa Kondele, mtaa wa mji huo, alivyokuja kuchagua mpango mmoja na kuuacha mwingine haianzii kwenye kadi yenyewe, bali kwenye maswali mawili yaliyoitangulia: ndege ya ng'ambo ilipita wapi, na nauli yake ilitoka mfukoni mwa nani.

Kuhusu swali la kwanza, upo wakati ambapo ndege ya Uingereza ilitua Kisumu kwenyewe. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia kutoka London hadi Mwanza, iliyopitia Misri na Sudan kwa kufuata Mto Nile hadi Ziwa Viktoria, na mwaka uliofuata njia hiyo ikarefushwa hadi Cape Town. Kisumu palikuwa mahali pa kubadilisha chombo, kwa kuwa waliotoka Khartoum kwa ndege ya majini, yaani ndege yenye tumbo la mashua inayotua na kuruka juu ya maji, walishukia ziwani na kupanda ndege ya magurudumu kuelekea kusini. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa zaidi za majini zilitoka Southampton hadi Durban, nazo pia zilitua hapo. Mji ambao reli iliufikia mwaka 1901 ukawa hivyo njia panda ya reli, meli na ndege, ingawa Mwafrika aliyeishi nje ya mipaka ya mji wa wakati huo, upande wa barabara ya Kakamega ambako Kondele ilikuja kukua, aliziona ndege hizo zikipita juu bila kuwa na njia yoyote ya kuzipanda. Hata Mzungu aliyezipanda hakuwa na la kuchagua: kampuni ilikuwa moja, na uaminifu wa mteja haukuhitaji kununuliwa kwa zawadi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, shirika la BOAC lililoirithi Imperial Airways liliachana na ndege za majini mwaka 1950, na uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa Nairobi mwaka 1958, ndege za masafa marefu zikahamia kwenye njia za lami. Tangu hapo safari ya ng'ambo kutoka Kisumu imeanza kwa kurudi nyuma hadi Nairobi, na hali hiyo haikubadilika hata uwanja wa Kisumu ulipopanuliwa na kupewa hadhi ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Swali la pili ndilo zito. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya kukodi, wakiwa kundi la kwanza la mpango wa masomo ulioongozwa na mwanasiasa Tom Mboya, ambaye asili ya ukoo wake ni kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Viktoria, na kufikia mwaka 1963 mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamefuata njia hiyo. Mwanasiasa mwenzake, Jaramogi Oginga Odinga, kwa upande wake aliwatafutia wengine nafasi katika Umoja wa Kisovieti na nchi za kambi yake, na uhusiano huo uliacha alama karibu na Kondele yenyewe, kwani hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti mpaka leo huitwa "Russia" na wenyeji. Wafadhili wa Marekani walilipia sehemu ya safari za kundi la Mboya, lakini familia na vijiji navyo vilichanga, vikauza mifugo na kuandaa karamu za chai za kukusanyia fedha. Desturi hiyo haikufa na kizazi hicho. Aliyepata nafasi ng'ambo alisafiri kwa nauli iliyotoka kwa wajomba, kanisa, wanafunzi wenzake wa zamani na majirani, na kila mchangaji alihesabu kwamba ana hisa fulani katika safari ile.

Marekani nako jambo la namna nyingine lilikuwa linapikwa. Hadi mwaka 1978 serikali ndiyo iliyosimamia nauli na njia za mashirika ya huko, na sheria ya mwaka huo ilipoondoa usimamizi huo, mashirika yalianza kunyang'anyana abiria. American Airlines ilianzisha mpango wake, AAdvantage, tarehe 1 Mei 1981, na United ikajibu katika muda wa siku chache tu. Siri ya mafanikio ya mipango hiyo ilikuwa pengo kati ya anayelipa na anayesafiri: mfanyabiashara aliyerukaruka kati ya miji alilipiwa na mwajiri wake, lakini maili ziliandikwa kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo aliichagua ndege iliyomnufaisha yeye, hata kama tiketi yake ilikuwa ghali zaidi kwa mwajiri. Kwa lugha isiyopambwa, ilikuwa bahashishi iliyohalalishwa.

Kenya iliingia katika mfumo huo kupitia mlango wa Uholanzi. East African Airways, lililoanza mwaka 1946 kama mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikaundwa mwaka huo huo; kisha mwaka 1996 KLM ilinunua asilimia 26 ya hisa zake, na abiria wa Kenya akajikuta ndani ya mpango wa Waholanzi ulioitwa Flying Dutchman, ambao mwaka 2005 uliunganishwa na ule wa Air France ukawa Flying Blue. Mwaka 2010 Kenya Airways ilikuwa mwanachama kamili wa SkyTeam, mojawapo ya miungano mitatu mikubwa ambayo mashirika yake hutambuliana maili, na katika miaka ya 2020 ikaanzisha mpango wake yenyewe, Asante. Wakati huohuo Emirates, Qatar Airways na Ethiopian zilikuwa zimekwisha kujijengea wateja Nairobi, kila moja na mpango wake, na Ethiopian ilikuwa ndani ya Star Alliance tangu mwaka 2011. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo la kuchagua.

Hesabu ya Kondele, hata hivyo, haifanani na ile ya mfanyabiashara wa Marekani. Muuguzi anayefanya kazi Uingereza, au mwanafunzi aliyeko Marekani, husafiri mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili, lakini kila safari ni ndefu, na maili anazopata huweza kufutwa kabla hajakusanya za kutosha. Kwake yeye, muda wa maili kuishi una uzito kuliko ukumbi wa kupumzikia wenye viti vya ngozi, na mpango ambao maili zake hubaki hai kwa shughuli ndogo tu humfaa kuliko ule unaofuta kwa kalenda bila kuuliza. Uzoefu umemfunza pia kutazama kwanza njia ya kurudi nyumbani, kwa maana maili za muungano usio na ndege nzuri ya Nairobi ni utajiri wa kwenye karatasi. Tangu mipango mingi, Flying Blue ikiwemo mwaka 2018, iache kuhesabu umbali na kuanza kuhesabu fedha zilizolipwa, tiketi ya bei nafuu ya safari ya mbali imepungukiwa thamani, na aliyeumia zaidi ni huyu msafiri wa mbali mwenye nauli ndogo.

Pengo la anayelipa na anayesafiri lipo Kondele vilevile, ila limegeuka. Kamati ya mchango hulipa, na maili huandikwa kwa jina lililo kwenye pasipoti. Baadhi ya mipango imeruhusu jamaa kuweka maili zao katika akaunti moja ya familia, lakini familia inayotambuliwa huko ni ya watu wachache, si ukoo. Na safari inayochangiwa na watu wengi kuliko zote, ile ya kumrudisha marehemu azikwe katika boma la wazazi wake, haimo kabisa katika hesabu hizo, kwa sababu jeneza husafirishwa kwa hati ya mizigo, na anayeandikiwa maili ni yule jamaa mmoja aliyeketi juu, katika ndege hiyo hiyo, akilisindikiza.