2,147,483,647

2,147,483,647 (bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba) ni namba tasa yenye tarakimu 10. Hupatikana kwa kukokotoa 2 kwa kipeo cha 31, kisha kutoa 1. Namba tasa za umbo hilo huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, na hii ni ya nane. Mersenne aliitaja mwaka 1644 bila uthibitisho. Katika orodha hiyohiyo alikosea vipeo 67 na 257. Kwa 31 alipatia.

Uthibitisho ulitolewa na Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa Saint Petersburg na karibu kipofu kabisa. Kwa kawaida, anayetaka kujua kama namba ni tasa huigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni kama 46,340. Hizo ni maelfu. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Wagombea wakapungua hadi mia tatu na sabini na kitu, na wengi wao si tasa, hivyo hawana haja ya kujaribiwa. Chukua wa mwanzo: 63, 249 na 311. Wawili wa kwanza hugawanyika kwa 3. Kazi halisi inaanzia 311, na hapo hubaki 35. Wote waliofuata nao waliacha baki. Kwa miongo kadhaa haikuthibitishwa namba tasa kubwa kuliko hii.

Ikizidishwa kwa 2 yenye kipeo cha 30 huzaa namba kamilifu 2,305,843,008,139,952,128: vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa huirudisha ileile. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana nyingine kubwa zaidi, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Édouard Lucas alijisumbua mwaka 1876.

Katika mfumo wa namba mbili huandikwa kwa tarakimu 1 mara 31 mfululizo. Kwa hiyo ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia katika nafasi ya biti 32, biti moja ikiwekwa kando kwa ajili ya alama ya hasi. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zinazotumia nafasi hiyo zitafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata zitajiona ziko Desemba 1901. Mifumo inayohesabu muda kwa biti 64 haina shida hiyo. Walio na kazi ni wenye mitambo ya zamani ambayo programu zake hazijaguswa tangu ilipofungwa.