Hundi ya kughushi: hasara ni ya nani?

Mtu anapoweka benki hundi ambayo baadaye inagundulika kuwa ya kughushi, mwizi huwa ameshatoweka. Wanaobaki ni watu wasio na hatia, na mmoja wao hana budi kulipa. Ni nani? Wafanyabiashara na mahakimu wamelijibu swali hilo kwa karne kadhaa, wala hawakulijibu kwa namna moja.

Jordbro ni kitongoji cha manispaa ya Haninge, kusini mwa mji mkuu wa Sweden, Stockholm, katika njia ya treni iendayo Nynäshamn. Sehemu kubwa ya nyumba zake za ghorofa ilijengwa katika miaka ya 1960, na wakaazi wake wengi wana asili ya nchi za nje. Chukulia kwamba mmoja wao, mzaliwa wa Afrika Mashariki, anauza samani zake kupitia mtandao wa intaneti. Mnunuzi aliye ng'ambo anampelekea hundi yenye kiasi kinachozidi bei, kisha anamwomba amrudishie baki. Benki inaingiza fedha katika akaunti, muuzaji anatuma baki kwa nia njema, na wiki chache baadaye hundi inarudishwa: ni ya kughushi.

Hapo wamesimama watu wanne: aliyeweka hundi, benki yake, benki iliyoandikiwa hundi, na mwenye akaunti ambaye jina lake limetumiwa bila ya yeye kujua. Kila mmoja anaweza kuapa kwamba hakuiba kitu.

Neno lenyewe hundi linawakumbusha wasemaji wa Kiswahili kwamba suala hili si geni kwao. Lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi waliovuka bahari kufanya biashara katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika Zanzibar ya karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu na karafuu ilitegemea mikopo ya matajiri kama Taria Topan, ambaye alimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara yake ya bara. Badala ya kubeba sarafu za fedha katika majahazi, mfanyabiashara aliweza kubeba karatasi iliyomwagiza mwenzake wa mji mwingine alipe.

Wafanyabiashara wa Kihindi walijua vyema kwamba karatasi huibiwa na sahihi hughushiwa. Ndiyo maana walikuwa na hundi iliyoitwa shahjogi, ambayo ililipwa kwa shah peke yake, yaani mfanyabiashara mwenye heshima na anayefahamika sokoni. Kama baadaye ilibainika kwamba hundi hiyo ni ya wizi au ya kughushi, shah aliyepokea fedha ndiye aliyetakiwa kuzirudisha, pamoja na faida. Hoja yao ilikuwa nyepesi: asiyejulikana hawezi kudaiwa, bali mwenye jina na duka mjini hupatikana. Hasara iliwekwa kwa yule aliyeileta karatasi sokoni.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Mnamo mwaka 1762, jaji mashuhuri Lord Mansfield alitoa hukumu katika kesi ya Price dhidi ya Neal. Price alikuwa amelipa hati mbili za malipo, kila moja ya pauni 40, akiamini kwamba zimeandikwa na mtu aitwaye Sutton. Kumbe zilighushiwa na mtu aitwaye Lee, ambaye alinyongwa kwa kosa la kughushi. Price alimshitaki Neal, aliyepokea fedha kwa nia njema, akitaka arudishiwe pauni zake 80. Mansfield alikataa. Kwa maoni yake, aliyeandikiwa hati ndiye mwenye wajibu wa kuitambua sahihi ya mteja wake kabla hajalipa. Na pale watu wawili wanapokuwa hawana hatia, hasara ibaki pale ilipoangukia.

Kanuni hiyo ndiyo iliyojenga uhusiano wa benki na mwenye akaunti. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo ilitamka kwamba sahihi ya kughushi haina nguvu yoyote. Kwa hiyo, benki ikilipa hundi ambayo mteja hakuitia sahihi, kwa kawaida haiwezi kumkata mteja huyo. Sheria hiyo ilivuka bahari pamoja na utawala wa kikoloni, na misingi yake imebaki katika sheria za Kenya, Uganda na Tanzania.

Lakini mwenye akaunti naye ana wajibu wake. Mwaka 1918, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya Macmillan na Arthur. Karani wake alimletea mmoja wa wakuu wa kampuni hundi ya pauni 2 aitie sahihi. Nafasi ya maneno ilikuwa tupu, na tarakimu zilikuwa zimeachiwa nafasi pembeni. Karani akaibadili ikawa ya pauni 120, akachukua fedha na kutoweka. Mahakama ilisema hasara ni ya kampuni, kwa kuwa uzembe wake ndio uliomfungulia mwizi mlango.

Sweden, kwa upande wake, ilifuata mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi mjini Geneva mwezi Machi mwaka 1931, na ikatunga sheria yake ya hundi mwaka 1932. Tofauti na sheria ya Kiingereza huonekana wazi pale hundi halali inapoibiwa na mwizi kughushi sahihi ya mwenyewe ili aihamishe kwa mtu mwingine. Kwa sheria ya Kiingereza, sahihi hiyo haihamishi haki, hivyo anayelindwa ni yule aliyeibiwa. Kwa mfumo wa Geneva, aliyeipokea hundi kwa nia njema na bila ya uzembe mkubwa halazimiki kuirudisha. Hundi ile ile, wizi ule ule, lakini anayelia Nairobi siye anayelia Stockholm.

Na yule aliyeweka hundi ya bandia je? Huyo ndiye mwenye hali ngumu zaidi. Fedha zinazoonekana katika akaunti yake huwa kwa kawaida ni za muda tu, mpaka benki iliyoandikiwa ithibitishe malipo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliyazuia mabenki kushikilia fedha za wateja kwa muda mrefu. Nia ilikuwa njema, lakini matapeli waliugeuza muda ulio kati ya fedha kuonekana na hundi kuthibitishwa kuwa uwanja wao wa kazi.

Wasomi nao hawakusalimika. Mwaka 2007, kampuni moja ya mawakili ya New York iliweka hundi ya dola 197,750 kutoka kwa mtu aliyejifanya mteja, kisha ikatuma dola 187,750 Hong Kong kwa maagizo yake. Hundi ilikuwa bandia. Mwaka 2011, mahakama ya juu ya rufaa ya jimbo hilo iliamua kwamba hasara ni ya mawakili, kwani wao ndio waliokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kumchunguza mteja wao. Shah wa soko la kale angeielewa hukumu hiyo bila ya kufasiriwa.

Leo hundi karibu zimetoweka katika maisha ya kila siku nchini Sweden. Mahali pake pamechukuliwa na kadi na simu za mkononi. Swali, hata hivyo, limebaki. Mwezi Juni mwaka 2022, Mahakama Kuu Kabisa ya Sweden iliamua kesi ya mteja aliyedanganywa kwa simu akatoa namba zake za siri, na matapeli wakazitumia kuchota fedha zake. Mahakama ilisema alifanya uzembe mkubwa, lakini si wa kulaumiwa kupita kiasi. Hivyo alipe kroner 12,000, kiwango cha juu kilichowekwa na sheria, na kinachozidi kiwe juu ya benki.

Hukumu hiyo inamlinda mtu ambaye fedha zake zimetolewa na mwingine bila ya idhini yake. Yule muuzaji wa samani wa Jordbro, aliyetuma baki kwa mkono wake mwenyewe, hayumo katika kinga hiyo. Kwake yeye salama ni moja: asitume hata senti mpaka benki yake imthibitishie kwamba hundi imelipwa kikweli, na haiwezi tena kurudishwa.