Jina Walilinunua, Mchezo Ukabaki Chicago

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wiki hii, msikilizaji, tuupime usemi huo kwa kitu ambacho watu wazima wengi hukiona cha kitoto: mchezo wa video. Mchezo wenyewe ni wa mpira wa kikapu, unaitwa NBA Jam Extreme. Ulitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Marekani iitwayo Acclaim, kwa kumbi za michezo na kwa mitambo ya nyumbani ya wakati ule, PlayStation ya Sony na Saturn ya Sega. Ulikuja na jina kubwa, ukawavunja moyo wengi waliolijua jina hilo.

Ili tuelewe kwa nini, turudi nyuma miaka mitatu. Mwaka 1993 kampuni ya Midway ya mjini Chicago ilipeleka NBA Jam katika kumbi za michezo, zile ambazo mtu hutumbukiza sarafu kwanza ndipo mashine imkubali. Kazi hiyo iliongozwa na Mark Turmell. Midway haikuwa ngeni katika fani: mwaka 1989 ilikwishatoa Arch Rivals, mchezo wa kikapu wa wawili kwa wawili ambamo ngumi zilikuwa ruksa. Safari hii waliweka nyuso za wachezaji halisi wa ligi ya NBA. Ligi yenyewe ilisita mwanzoni, kwa kuwa kumbi hizo zilikuwa na sifa mbaya, ikabidi ishawishiwe.

Kilichotoka kilikuwa kikapu cha ndoto. Hakuna faulo. Kumsukuma mwenzako akaanguka ni halali. Mchezaji anaruka hadi juu ya ubao, anapinduka hewani, kisha anaushindilia mpira wavuni. Akifunga mara tatu mfululizo, mpira unawaka moto mikononi mwake. Imekuwa ikielezwa kwamba mashine hizo zilikusanya dola bilioni moja, kwa sarafu za senti 25. Turmell, mpenzi wa timu ya Detroit Pistons, alikuja kukiri kwamba aliitega programu: Chicago Bulls wakirusha mpira wa kuamua mechi mwishoni dhidi ya Pistons, ukose. Hiyo ni hila, tena hila iliyofanywa katika mji wa Bulls wenyewe. Lakini inatuonyesha kwamba mchezo ule ulitengenezwa na watu waliokuwa na mapenzi na kikapu, na wenye utani wao.

Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo kwenye sauti. Mtangazaji wa NBA Jam alikuwa Tim Kitzrow, msanii wa Chicago ambaye hakuwa na jina. Yeye ndiye aliyepaza sauti kwamba mchezaji anawaka moto, na maneno yake yakahama kutoka kwenye mashine yakaingia viwanjani na mitaani. Amewahi kueleza kwamba aliambiwa atangaze kwa mtindo wa Marv Albert, mtangazaji mashuhuri wa kikapu wa Marekani. Lakini aliuchukua mtindo huo akautia chumvi na vichekesho, mpaka ukawa wake.

Sasa tuje kwenye mzizi wa fitina. Midway ilitengeneza mashine za kumbi, lakini Acclaim ndiyo iliyouza NBA Jam ya nyumbani, iliyoingia madukani tarehe 4 Machi 1994. Njia za kampuni hizi mbili zilipoachana, haki ya kutumia jina la NBA Jam ilibaki kwa Acclaim. Turmell na wenzake walibaki Midway. Mwaka huohuo wa 1996 mchezo mmoja ukawa na warithi wawili: Midway ikatoa NBA Hangtime, kazi ya mikono ileile chini ya jina jipya, na Acclaim ikatoa NBA Jam Extreme, jina lilelile juu ya kazi ya mikono mingine.

Acclaim haikubana fedha. Mtindo wa mwaka ule ulikuwa picha za pande tatu, nayo ikaziweka. Ikaongeza kitufe maalumu cha kumpa mchezaji nguvu zaidi. Ikamchukua Marv Albert mwenyewe awe mtangazaji. Msikilizaji, hapo pana funzo. Walimpata yule aliyeigwa, wakaikosa ile sauti iliyopendwa. Albert alikuwa bingwa wa kutangaza mechi halisi. NBA Jam haikuwa mechi halisi, ilikuwa mzaha wenye kasi, na mzaha una mabingwa wake.

Picha nazo zilileta matatizo. Katika mchezo wa awali watu walipigwa picha za video wakicheza, kisha picha hizo zikawekwa bapa kwenye kioo. Kila mruko ulionekana wazi na kitufe kilijibu papo hapo. Mitambo ya 1996 ilijenga mwili kwa vipande vilivyounganishwa, na mwili huo ukawa mkavu. Mtu akaruka juu vilevile, lakini bila ule utamu. Wahakiki waliuweka kando ya Hangtime, na wengi wakaona roho ya NBA Jam imehamia kwenye mchezo usio na jina hilo.

Wapenzi wa muziki wa dansi hawatashangaa. Mwenye vyombo hubaki na jina la bendi, wanamuziki huondoka na vidole vyao. Bango mlangoni ni lilelile, lakini anayelipa kiingilio hujua kabla wimbo wa pili haujaisha.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba jina si kitu. Hangtime ilikuwa na mafundi, lakini hadi leo jina lililobaki midomoni mwa watu ni NBA Jam. Acclaim ilifilisika mwaka 2004, na Midway ikafuata mwaka 2009. Kampuni ya EA ilipoufufua NBA Jam mwaka 2010, ilirudi kwenye wawili kwa wawili wanaotazamwa kutoka ubavuni, ikaomba ushauri wa Turmell, na ikamwita Kitzrow arudi mbele ya maikrofoni. Miaka kumi na minne baada ya Extreme, mwenye jina na wenye kazi wakakutana tena.

Kwa maoni yangu, sheria iliyompa Acclaim jina haikukosea, maana mkataba ni mkataba. Lakini hakuna mkataba unaoweza kuhamisha mzaha wa Turmell wala koo la Kitzrow. Anayenunua jina la kazi ya watu aulize kwanza watu wenyewe wako wapi, na sisi tunaonunua dukani tuna haki ya kuuliza hivyohivyo.