Chipu zilivyoihama London

Aprili 17, 1998, hisa za ARM, kampuni changa ya Cambridge, zilianza kuuzwa London na New York siku hiyo hiyo. Kiwanda haikuwa nacho. Wahandisi wake 12 wa mwanzo walifanya kazi katika ghala la shamba kijijini Swaffham Bulbeck, wakichora ramani za chipu. Wenye viwanda walilipia haki ya kuzitumia ramani hizo, na kwa kila chipu iliyouzwa ARM ilipata mrabaha.

Werevu wa mpango huo anauelewa anayejua misimu ya biashara hii, ambayo haina tofauti kubwa na karafuu za Pemba. Bei ikipanda, kila mtu hupanda miche. Miaka ikipita miche ikazaa, wote huvuna pamoja na bei huanguka. Kiwanda cha chipu nacho hugharimu mabilioni na huchukua miaka kujengwa, hivyo mara nyingi mzigo wake hufika sokoni uhaba ukiwa umekwisha.

Waingereza walikuwa wamekwisha kuungua hapo. Mwaka 1978 serikali ilianzisha kampuni ya chipu, Inmos, kwa fedha za umma, ikajengewa kiwanda Newport, Wales. Mwaka 1984 hisa za serikali ziliuzwa kwa Thorn EMI kwa pauni milioni 95. Mwaka uliofuata bei za chipu za kumbukumbu ziliporomoka duniani kote, na 1989 mnunuzi naye akaiuza Inmos kwa SGS-Thomson.

ARM ilipaa haraka. Simu ya Nokia 6110 ilibeba ramani yake, na Desemba 1999 kampuni ikaingia FTSE 100, orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la London. Kisha ukaja ukame. Oktoba 2002 ilipoonya kwamba mapato yamepungua, hisa zake zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani kwa siku moja, zikawa chini ya pauni moja. Mkenya aliyenunua hisa ya Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008, akaiona ikishuka na majirani wakiuza, anaijua hofu ile.

Walioshikilia walilipwa. Julai 2016, wiki chache baada ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, pauni ikiwa dhaifu, SoftBank ya Japani ilitoa pauni 17 kwa kila hisa, jumla pauni bilioni 24.3. Wanahisa waliridhia. Binafsi naona walikubali mapema mno: simu karibu zote duniani zilikuwa zikitumia ramani za ARM, na mrabaha ulikuwa bado ukiingia. Fedha zilizoweza kusubiri msimu mwingine zilichukua faida ya siku ile.

Mwaka 2023 ARM ilirudi sokoni, lakini licha ya viongozi wa Uingereza kuibembeleza, ilichagua New York peke yake. Septemba 14 hisa iliyotolewa kwa dola 51 ilifunga siku ikiwa imepanda takriban robo.

London ilibaki na akina Alphawave, wachoraji wa chipu walioingia sokoni Mei 2021 kwa pensi 410. Siku ya kwanza tu hisa ilipoteza karibu moja ya tano ya bei hiyo. Juni 2025 bodi yake ilikubali kuiuza kwa Qualcomm ya Marekani, kwa pensi 183.