Nani Huandika Daftari la Wakala?

Neno wakala si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, hata mtoto wa shule anamjua wakala: ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine. Mawakala wa mwanzo waliweka daftari la karatasi, na mteja alitia saini kila muamala. Siku hizi jina hilo limehamia kwenye programu za akili bandia ambazo hupewa agizo, zikajichagulia zana za kulitekeleza (kutafuta kwenye intaneti, kufungua faili, kupiga hesabu) kisha zikarudi na jibu. Makala haya yanauliza swali moja la kihistoria: daftari la wakala wa namna hii huandikwa na nani?

Hapo mwanzo liliandikwa na binadamu. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi wa kompyuta ya Mark II walimkuta nondo amenaswa kwenye swichi. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, pamoja na saa: saa kumi kasorobo alasiri. Wengi humkumbuka mdudu. Lakini bila daftari, mdudu huyo tusingemjua.

Baadaye mashine zilianza kujipima zenyewe. Mwaka 1971 Donald Knuth wa Stanford alichapisha uchunguzi wa programu zilizoandikwa kwa lugha ya FORTRAN. Aligundua kwamba, kwa kawaida, sehemu isiyofika asilimia 4 ya programu ilikula zaidi ya nusu ya muda wote wa kazi. Waandishi wa programu hawakuwa wakijua ni sehemu ipi. Walikisia, na mara nyingi walikisia vibaya. Mwaka 1982 watafiti wa Berkeley walitoa chombo kiitwacho gprof, kilichoonyesha si muda tu bali pia ni kipande kipi kilikiita kipi. Hapo ndipo asili ya ufuatiliaji wa zana tunaouzungumzia.

Hata hivyo, kisa kinachofaa kutuliza fikra ni cha MYCIN. Programu hii iliundwa Stanford katika miaka ya 1970, na kazi hiyo ikaongozwa na Edward Shortliffe. Ilishauri juu ya magonjwa ya bakteria na dawa za kuyatibu, ikitumia mamia ya kanuni za aina ya "ikiwa hivi, basi vile". Daktari aliyeulizwa swali na mashine aliweza kuirudishia swali: kwa nini unataka kujua hilo? Nayo ilimwonyesha kanuni iliyokuwa ikiitumia wakati huo huo. Msomaji azingatie hapo. Maelezo ya MYCIN hayakutungwa pembeni. Yalikuwa kumbukumbu yenyewe ya kazi, ikisomwa kwa sauti.

Kwa mawakala wa leo mambo hayo mawili yametengana. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa Princeton na Google walieleza mbinu ya ReAct, ambamo modeli ya lugha huandika wazo, huita zana, husoma ilicholetewa, kisha huandika wazo jingine. Ukisoma mfululizo huo utadhani unasoma daftari. Kumbe wazo lililoandikwa na modeli ni maandishi kama maandishi yake mengine. Mwaka 2023 Miles Turpin na wenzake walipanga mifano ya maswali ili jibu sahihi liwe daima herufi A. Modeli zilivutwa kuelekea A, kisha zikatoa sababu zenye kushawishi. Karibu hazikuutaja kamwe mpangilio huo.

Kwa hiyo wakala akisema "nimelisoma faili lote", kauli hiyo si ushahidi. Ushahidi ni safu iliyoandikwa na mfumo ulio nje yake: zana gani iliitwa, kwa maelekezo gani, saa ngapi, ilichukua muda gani, ilirudisha nini au kosa gani. Humo ndimo tunamwona wakala aliyeita zana ileile mara tisa kwa maneno yaleyale, ingawa jibu lake la mwisho lilikuwa sahihi.

Ufundi wa kuandika safu hizo ulikuwapo tayari. Mwaka 2010 Google ilieleza mfumo wake wa Dapper, uliofuata ombi moja likipita kwenye mashine nyingi. Kwa kupunguza mzigo ulinasa wastani wa ombi 1 katika kila 1,024. Kwa maombi yanayofanana kiasi hicho kilitosha. Kwa mawakala, kwa maoni yangu, hakitoshi: kikao kimoja hakifanani na kingine, na kile kilichofuta faili la mtu huenda ndicho ambacho hakikunaswa. Lakini kunasa vyote nako kuna gharama yake, kwani ndani ya safu hizo mna barua, majina na siri za watu waliotoa maagizo. Mteja wa wakala wa mwaka 2007 aliliona daftari alilotia saini. Hili jingine mara nyingi hukaa kwa mwenye mfumo, na aliyetoa agizo haonyeshwi.