Nani Abebe Mzigo? Gari la Maksai Ufipa

Tukichambua historia ya uchukuzi Ufipa, lazima tuanzie kichwani na begani mwa mnyonge. Katika Vita Kuu ya 1914–1918, Wajerumani na Waingereza waliwalazimisha wananchi kuwa wapagazi. Waingereza walipoiteka Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg, Juni 1916, nyuma ya bunduki walikuwapo watu waliobeba risasi na unga. Mabeberu walilijua gurudumu. Mbung'o wa mabondeni waliua ng'ombe, ni kweli. Lakini pia mgongo wa Mwafrika ulikuwa nafuu kuliko barabara.

Juu kwenye uwanda, pande za Mwazye, ng'ombe wanastawi. Huko gari la maksai, mara nyingi lenye ekseli na magurudumu ya motokaa chakavu, lilienea kwa wakulima katika miaka ya 1980 na 1990, wakati Rukwa ilipohesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Magunia yakashuka vichwani. Hata hivyo, tusijidanganye: chombo ni cha mwenye maksai. Asiye nao hukodi, na akikosa fedha hutoa sehemu ya mavuno. Na mwenye maksai kwa kawaida ni mwanamume. Kuni na maji bado viko kichwani mwa mkewe.